Kioo cha Jamii Kina Macho Mekundu

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo pakawa ya wapi, ya wagonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Kaondokea Pimbi mfupi, kajenga juu ya jabali. Mlango hauna komeo, mkia hana wa kubana!

— Ehee!

Haya. Mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, maana tukifika mbele kikohozi kitakuwa na maana nyingine.

Hapo zamani wanyama walikuwa na mbio. Si mbio za kumkimbia Simba. Hizo ni za kila siku na hazina zawadi. Nasema Mbio za Jabali. Unaanzia chini mtoni, unapanda lile jabali refu lililosimama wima, unagusa kilele. Anayefika kwanza ndiye bingwa, na bingwa hupewa pango la juu, lenye jua asubuhi na kivuli mchana, akae humo na mkewe na wanawe mpaka siku atakayoshindwa.

Swala akajaribu, akateleza, chubwi! mtoni. Chui akajaribu, akateleza, chubwi! mtoni. Ngiri akajaribu, na yeye hakufika hata pa kutelezea.

Ndipo akaja Pimbi. Mfupi, mnene, hana mkia, hana shingo ya kuzungumzia. Ila nyayo za Pimbi hutoka jasho, na jasho lile hunata kwenye jiwe. Akapanda, nyapu, nyapu, nyapu. Wanyama chini wakaimba:

"Pimbi, panda!"

"Napanda!"

"Pimbi, teleza!"

"Sitelezi ng'o!"

Akashinda. Mwaka wa pili, nyapu, nyapu, nyapu, akashinda tena. Basi akawa mkubwa, kadiri pimbi anavyoweza kuwa mkubwa. Watoto wa wanyama wote wakataka kuwa Pimbi. Mtoto wa Twiga akashinda kutwa amekunja shingo. Mtoto wa Tumbili akaukalia mkia wake ili usionekane. Hata mimi mnayeniona, kama ningekuwepo, ningejaribu, na mngenisikia mtoni.

Siku ya kumvisha shada, Bwana Fisi, mwenyekiti wa kamati ya michezo, akapanda kwenye kichuguu akatangaza:

"Bingwa wetu ni kioo cha jamii!"

Wanyama wakapiga makofi. Pimbi naye akapiga makofi, akidhani anasemwa mtu mwingine. Alipojua kuwa kioo ni yeye, akaacha kupiga makofi.

Maana Pimbi alikuwa na siri. Nyuma ya pango lake palikuwa na jiwe dogo, kijiwe hasa, na kila siku jua likichomoza alikwenda kukaa pale.

Mkewe humwita, "Baba Kidoti! Uko wapi?"

"Niko kijiweni, mama."

"Unafanya nini?"

"Magoti, mama. Natia magoti dawa."

Na dawa hiyo ya magoti iliingia mdomoni ikatokea puani. Puu! Kho, kho, kho! Ilikuwa bangi, jamani, tusizungukezunguke. Mkewe alijua. Watoto walijua harufu, hawakujua jina. Na Pimbi mwenyewe alijua kitu kimoja zaidi, kwamba moshi ulianza kabla ya magoti kuuma. Akikumbuka hilo hujicheka peke yake pale juu ya jiwe: "Bingwa mzima! Kioo cha jamii! Kioo gani hiki kimejaa ukungu?" Kisha hutia magoti dawa tena, kwi kwi kwi, akasahau alichokuwa anacheka.

Sasa tumgeukie Fisi. Fisi alikuwa mwenyekiti wa kamati, katibu alikuwa shemeji yake, na wajumbe walikuwa matumbo yao wawili. Kanuni walitunga wenyewe: kioo cha jamii kikipasuka, pango linarudi kwa kamati, pamoja na vyote vilivyomo.

Sikilizeni vizuri hapo. Pamoja na vyote vilivyomo. Fisi hana haja ya jua la asubuhi. Alichokitaka ni vilivyomo, yaani Mama Kidoti na watoto wake wanene. Kila akilitazama lile pango, mate yalimdondoka, tii, tii, tii.

Asubuhi moja upepo ukageuka, ukateremsha harufu ya dawa ya magoti mpaka puani mwa Fisi. Fisi akanusa. Akanusa tena. Akaruka juu kwa furaha, akaenda kupiga ngoma ya baraza, ndi! ndi! ndi!

"Kioo kimepasuka! Njooni mjionee! Kioo kimepasuka!"

Huko juu Pimbi akaisikia ngoma. Na bahati mbaya haiji peke yake, siku hiyo alikuwa ametibu magoti yote mawili.

Mkewe akamfuta majivu kwenye sharubu. "Baba Kidoti, ukilipoteza pango umetupoteza sisi. Fisi hali mawe."

Pimbi alitaka kumjibu neno la kiume, la baba wa nyumba. Akafungua kinywa, kikatoka kicheko, kwi! Akakifunga haraka. Akawatazama wanawe waliojikunyata kwenye mavazi ya mama yao, yaani manyoya, na moyo wake ukamuuma kweli. Aliogopa. Aliona haya. Na katikati ya hofu na haya, aliona njaa kali sana.

Akateremka, nyapu, nyapu, nyapu.

Barazani wanyama walikuwa wamejaa. Hakimu alikuwa Tembo, kwa sababu alikuwa amekalia mahali pa hakimu na hakuna aliyethubutu kumwambia anyanyuke.

Fisi akasimama. "Mheshimiwa Tembo! Watoto wetu wanamtazama huyu! Watoto wetu wanamwiga huyu! Nauliza mbele ya watu: Pimbi, unatumia majani?"

Pimbi akafikiri. Kichwa chake kilikuwa kizito, neno likiingia linachelewa kukaa. Akajibu ukweli.

"Natumia."

"Mmesikia!" Fisi akaruka. "Amekiri! Anatumia majani!"

Pundamilia akainua kichwa. "Kwani sisi tunatumia nini?"

"Mimi nayatumia tangu nizaliwe," akasema Swala.

"Mama yangu alinifundisha," akasema mtoto wa Twiga.

Fisi akakanyaga chini. "Si kula! Nani kasema kula? Nasema kuvuta! Pimbi anavuta majani!"

Nyati akakohoa kidogo. "Bwana mwenyekiti, mimi huyavuta kwanza kwa ulimi, ndipo niyale. Utayalaje bila kuyavuta?"

"Na mimi huvuta kwa mkonga," akasema hakimu Tembo, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. "Huvuta na matawi. Wakati mwingine huvuta mti mzima. Je, niteremke nisimame na mshitakiwa?"

"La hasha, mheshimiwa!" Fisi akatokwa na jasho. "Ninyi mwavuta kwa heshima. Huyu yeye huvuta moshi!"

Wote wakamgeukia Pimbi. Pimbi akatazama chini, akaona vidole vyake vya miguu, akaviona vinachekesha ajabu. Kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni. Akajua kikitoka hapa, kwake hakubaki mtu. Akauma mkono wake, ng'wa! Machozi yakamtoka.

"Masikini, bingwa wetu analia," akasema Kanga mmoja, naye akaanza kulia.

Pimbi akameza kicheko, akatafuta neno la kusema, lolote, la kumpa nafasi ya kupumua. Msidhani alikuwa na mpango. Wasimuliaji wengine watawaambia alikuwa na mpango. Alitaka tu mwingine aongee.

"Bwana mwenyekiti," akasema polepole, "sisi wengine ni pimbi tu. Hatujui mambo makubwa. Huyo mvuta moshi tutamjuaje? Tutajie dalili zake, na watoto wapate kujifunza."

Hakuna kitu kitamu kwa mwenyekiti kama kuombwa ahutubie. Fisi akapanda kichuguu, akatoa kifua mbele.

"Dalili! Mvuta moshi hucheka ovyo. Hachekeshwi na kitu, anacheka tu!"

"Tumesikia!" wakasema wanyama.

"Mvuta moshi ana macho mekundu, hasa asubuhi!"

"Tumesikia!"

"Mvuta moshi ana njaa isiyo na mwisho! Amekula sasa hivi, anatafuta tena. Hachagui. Hata kilichooza anameza!"

"Tumesikia," wakasema, ila safari hii wachache waliangaliana.

Pimbi akamtazama mwenyekiti kule juu ya kichuguu. Akamtazama sana. Na jambo likaanza kumwingia kichwani, taratibu, kwa kuchelewa, kama mgeni mnene anayepita mlango mwembamba. Akauma mkono wa pili.

"Na mwendo wake, bwana mwenyekiti?" akauliza, sauti ikitetemeka.

"Mwendo wake mbovu! Mbele juu, nyuma chini, anakwenda mrama, utadhani kabebeshwa gunia!"

"Na mwenye dalili zote hizo, tumfanye nini?"

"Afukuzwe!" akanguruma Fisi. "Leo hii! Apoteze pango na vyote vilivyomo! Asikae tena karibu na watoto wa watu!"

"Naandika hukumu hiyo?" akauliza Tembo.

"Andika, mheshimiwa! Andika!"

Na kwa furaha, kwa kuliona pango mbele yake na vilivyomo vikimsubiri, Fisi akasahau alipo. Mate yakadondoka, tii, tii, tii. Akainua kichwa, akafungua kinywa:

"Hii-hii-hii-hiiii!"

Wanyama wakamtazama. Wakayatazama macho, mekundu. Wakatazama mate. Wakatazama mabega yaliyo juu na makalio yaliyo chini.

"Nyani haoni kundule," akasema Nyati kwa masikitiko.

"Mimi nimeingiaje hapa?" akafoka Nyani kutoka nyuma, akajikalia vizuri.

"Hicho ni kicheko changu!" akalia Fisi. "Nimezaliwa nacho! Mwulizeni shemeji!"

Shemeji akataka kumtetea. Akafungua kinywa, na woga wote ule ukamtoka: "Hii-hii-hii!"

"Ukoo mzima!" akapiga kelele Kanga. "Ukoo mzima unavuta!"

Tembo akanyanyuka. Alipopuliza mkonga, puuuu! Fisi na shemeji walikuwa tayari wameshika njia, mbele juu, nyuma chini, vumbi likiwafuata. Wanyama wakaenda kwenye pango la Fisi, wakagawana vyote vilivyomo. Ilikuwa mifupa mitupu, na hakuna aliyejua ya kufanyia nini. Kisha wakamnyanyua Pimbi juu juu.

"Kioo cha jamii! Amelia kwa ajili ya watoto wetu!"

Pimbi mikono yote miwili ilikuwa inamuuma kwa meno yake mwenyewe. Akajiambia moyoni: "Wewe pimbi wewe. Umeokolewa na sura ya mtu."

Akapanda nyumbani, nyapu, nyapu, nyapu. Alikuwa amekihifadhi kicheko chake njia nzima akakicheke na mkewe. Alipofika mlangoni akawakuta watoto wanacheza. Habari zilikuwa zimewatangulia, na mchezo wao ulikuwa ni ule ule wa baraza. Mmoja alikuwa Fisi, anachechemea huku na huku. Kidoti, mtoto wake wa kike, alikuwa bingwa.

Kidoti alikuwa ameketi juu ya kijiwe. Amefumba jicho moja. Mdomoni ana jani kavu alilolisokota, na kila baada ya muda anajipiga kifua: kho, kho, kho.

Pimbi akasimama. "Kidoti, mwanangu. Si wewe ndiye baba? Mbona hupandi jabali?"

"Kupanda ni siku moja, Baba," akasema Kidoti bila kulitoa jani mdomoni. "Siku nyingine zote unafanya hivi."

Kile kicheko kilichomsumbua kutwa nzima kikafika kooni, kikafa hapo hapo. Barazani alikuwa ameuma mikono machozi yakamtoka, wakasema analia. Sasa alilia, na Kanga hakuwepo kumwonea huruma.

Akamtoa Kidoti lile jani mdomoni kwa upole. Akaenda nyuma ya kijiwe, akatoa dawa yake yote ya magoti, akaitupa chini mtoni, chubwi! Kisha kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, akaenda kukaa juu ya jabali, peupe, penye jua, mdomoni hana kitu. Macho kayabana kwa mwanga. Kidoti akaja akakaa pembeni yake, mdomoni hana kitu, macho kayabana. Akaja wa pili, akaja wa tatu, wakajipanga.

Ndiyo maana mpaka leo ukipita kwenye majabali asubuhi utawakuta pimbi wamekaa mstari, baba, mama na watoto, hawafanyi lolote. Ukiwauliza watakwambia wanaota jua. Magoti bado yanamuuma mzee, lakini anavumilia, maana akigeuka tu kukohoa, mstari mzima unageuka.

Basi tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba bangi ni mbaya sana, jamani. Mtazameni Fisi: hajaigusa hata siku moja, na oneni alivyoharibika!

Hadithi yangu naiweka hapo juu ya jiwe ikauke. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni nimeze mwenyewe. Na ikinuka moshi, mwulizeni aliyekaa nyuma yenu. Mimi hapa natia magoti dawa tu.