Uwanja Usio na Kamba

Saa tisa alasiri ya Jumamosi, ukungu ulishuka kutoka upande wa Mlima Rungwe ukafunika magoli ya uwanja wa mpira wa Tukuyu. Katikati ya uwanja ulisimama ulingo wa ngumi uliokodiwa Mbeya: nguzo nne, sakafu ya mbao iliyotandikwa turubai, na kamba zilizokazwa hata ukizigonga kwa kidole zinalia. Atuganile alizigonga. Kisha akamgeukia mdogo wake, Jairo, aliyekuwa ameketi kwenye benchi mbele ya daktari wa mashindano.

"Mapigo ya moyo ni mazuri," daktari alisema. "Macho?"

"Mazima," Jairo alijibu kabla swali halijatua.

Daktari alimtazama Atuganile. "Wewe ndiye msaidizi wake wa kona?"

"Ndiyo, daktari. Huyu ni mdogo wangu."

"Hana tatizo lolote ninalopaswa kulijua?"

Jairo hakugeuka, lakini kiatu chake kilisogea kikakanyaga cha dada yake, kikabaki pale.

"Hana," Atuganile alisema. Neno lilimtoka jepesi kama unyoya, likamrudia zito kama jiwe la kusagia.

Ukweli ulikuwa mwingine. Katika pambano lake la mwisho, kiwiko cha mpinzani kilimpata Jairo kwenye jicho la kushoto. Daktari wa macho aliyempima aliwaambia bila kuzunguka: pazia lililo nyuma ya jicho limedhoofika, na pigo zito kabla halijapona linaweza kulibandua. Likibanduka, huenda jicho lisione tena. Akamkataza ulingo kwa miezi sita. Maneno hayo yalisikiwa na masikio ya watu wawili tu. Kocha wao, mzee Anyelwisye, aliambiwa kwamba ni uvimbe wa kawaida. Njiani kurudi nyumbani Jairo alimwapisha dada yake asimwambie mtu yeyote, kwa kuwa timu ya mkoa huchaguliwa mara moja kwa mwaka, na mshindi wa uzito wake katika mashindano haya ndiye angechukuliwa.

"Jicho nitalilinda kwa miguu," alisema. "Mtu wa kunifikia bado hajazaliwa."

Hayakuwa majigambo matupu. Pale mtaani kwao Bulyaga walimwita Radi, na jina lilimkaa. Alikuwa anaweza kuwa mbele yako, akakugusa kidevu, na wewe ukirusha ngumi ukakuta umebaki ubaridi tu mahali alipokuwa. Tatizo lilikuwa mahali alipojifunzia kasi hiyo. Kikundi chao kilifanya mazoezi kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya nyumba za Bulyaga, na ulingo hawakuwa nao. Mapambano yake yote yalipigwa siku za sikukuu kwenye viwanja vya vijiji, watu wakiwa wamejipanga duara. Duara hilo ndilo lililokuwa kamba. Jairo alipokimbilia nyuma, watu nao walirudi nyuma, wakicheka na kukanyagana, na duara likahama pamoja naye. Siku moja pambano lilianzia mbele ya kanisa likaishia katikati ya migomba ya jirani. Watu walilisimulia jambo hilo kwa furaha. Hakuna aliyeliona kuwa ni kasoro.

Atuganile peke yake ndiye aliyepata wasiwasi. Yeye aliuza chipsi, na viazi vyake alivifuata Isongole, katika ghala alimofanya kazi mpinzani wa leo, Bushiri. Bushiri alikuwa mpakiaji. Jioni, kazi ilipokwisha, yeye na mwenzake walivaa glavu na kupigana ndani ya ghala hilohilo, katika ujia wa katikati ya magunia, mahali ambapo watu wawili hawapishani bila kugeuza mabega. Atuganile alisimama mlangoni akawatazama. Mle ndani hapakuwa na pa kukimbilia. Aliyetaka kupona kwa kwenda pembeni alipaswa kuipata nafasi hiyo nusu hatua kwa nusu hatua.

Aliporudi alimwambia Jairo wachimbie nguzo nne na kuzungushia kamba.

"Kamba ni za mbuzi, dada," Jairo alimjibu. "Na huyo wa ghalani amejifunza kupigana na viazi."

Mzee Anyelwisye alicheka hadi akakohoa. "Mwache, binti. Radi haifungwi kamba."

Kengele ya kwanza ililia. Bushiri alitoka konani akitembea, mabega yakiwa yameinama kidogo, kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo anaoujua uzito wake.

"Gunia!" vijana wa Bulyaga walimzomea. "Leo nani amekubeba hadi Tukuyu?"

"Nimekuja kwa miguu yangu," Bushiri alijibu bila kugeuza kichwa. "Wa kubebwa yuko kona ile."

Hata vijana wa Bulyaga walicheka. Jairo hakucheka. Aliingia kama mshale, akapiga mbili za kushoto na moja ya kulia, na kufumba na kufumbua alikuwa amekwisha toka. Bushiri alirusha ngumi, ikapita kwenye ukungu. Jairo aliingia tena kwa upande mwingine, akamgonga mbavu, akainama chini ya mkono uliokuja, akaibukia nyuma ya bega la mwenzake. Uwanja ulilipuka kwa vifijo.

Atuganile hakushangilia. Alikuwa anatazama miguu. Jairo alitoka kulia kila mara. Sababu aliijua: ngumi nzito ya Bushiri ilikuwa ya mkono wa kulia, nayo ilielekea upande wa jicho bovu, kwa hiyo Jairo aliikimbia. Alipotoka kulia safari ya kwanza, Bushiri hakumfuata. Safari ya pili Bushiri aligeuza unyayo. Kufikia kengele alikuwa amekwisha anza kusogeza mguu wa kushoto kabla Jairo hajaondoka.

"Vizuri sana!" mzee Anyelwisye alisema, akimmiminia Jairo maji. "Raundi hii yetu yote. Ndaga fijo!" Alishukuru kwa Kinyakyusa kila alipofurahi.

Atuganile alimfuta jasho, akaukandamiza mdomo kwenye sikio lake. "Unatokea kulia kila mara. Ameona."

"Aone. Kuona si kufika."

"Jairo, sakafu hii ina mwisho."

"Dada, nifute jasho."

Raundi ya pili ilifanana na ya kwanza machoni pa wengi. Jairo aliendelea kuingia na kutoka, na waamuzi mezani waliendelea kuandika pointi zake. Lakini Bushiri hakuwa tena katikati ya ulingo. Alimfuata Jairo polepole, na kila aliposogea hakurudisha mguu. Jairo alicheza katika nafasi ya ulingo mzima, kisha katika nusu yake, kisha katika kipande kisichozidi upana wa kibanda cha chipsi. Mara moja mgongo wake uligusa kamba, naye akashtuka waziwazi, akageuza shingo kutazama ni nani aliyesimama nyuma yake asimpishe. Kitendo hicho kilimkata Atuganile maini. Mdogo wake alikuwa anasubiri duara lirudi nyuma.

Bushiri naye alikiona. Hakuharakisha. Alisimama, akamwacha atoke.

"Amemwacha!" Atuganile alisema. "Kocha, umeona? Amemwacha makusudi."

"Amechoka huyo," mzee alijibu. "Gunia limeanza kuvuja."

Kengele ililia. Jairo aliketi, kifua kikimpanda na kushuka. Ukungu ulikuwa umefika kwenye ulingo, na matone yalining'inia kwenye kamba. Atuganile alipopeleka taulo usoni mwake kutoka kushoto, Jairo hakupepesa hadi taulo lilipomgusa.

"Hukuliona taulo."

"Nililiona."

"Jairo, tuache. Nimwambie daktari."

Jairo aliukamata mkono wake kwa glavu zote mbili. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtoto anayeomba asichongewe. "Ninaongoza, dada. Raundi moja tu. Uliniapia."

"Mnanong'ona nini nyie?" mzee Anyelwisye aliuliza. Alitazama taulo jeupe mkononi mwa Atuganile, kisha akautazama uso wake. "Binti, usithubutu. Kitambaa hicho kikivuka kamba, pambano limekwisha na mtoto ameshindwa. Anaongoza!"

Kengele ya raundi ya tatu ilimkuta Atuganile akiwa ameshika nguzo ya kona kwa mkono mmoja na taulo kwa mkono wa pili. Roho yake ilikuwa hapohapo mkononi, imeviringishwa pamoja na kitambaa kile.

Jairo alianza kwa kasi kuliko raundi zote. Aliruka ndani, akapiga, akatoka kulia. Akaruka tena, akapiga, akatoka kulia. Bushiri alipokea ngumi hizo kwenye mikono na paji la uso, akisogea nusu hatua baada ya nusu hatua, hadi Jairo akawa na kamba nyuma yake na nguzo ya kona mbali kidogo upande wake wa kushoto. Watu walipiga kelele za ushindi. Waliona mtu mwepesi akimchezea mtu mzito. Atuganile aliona ujia wa ghala, magunia pande zote.

Jairo alishusha bega ili atoke kulia.

Hapo ndipo Bushiri, aliyetembea raundi mbili nzima, aliporuka. Mguu wake wa kushoto ulitua mahali palepale Jairo alipokusudia kukanyaga, na ngumi yake ya kushoto ikaziba njia. Yote yalitokea kwa mpigo mmoja, na kwa wepesi ambao hakuna mtu uwanjani aliyejua kuwa anao. Kasi yote aliyoibana tangu mwanzo aliitumia katika hatua moja. Jairo aligonga mkono ule, akayumba, akageukia upande pekee uliobaki. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikwenda kushoto.

Alikwenda mbio, kwa kuwa hakujua kwenda kwa namna nyingine. Mbio hizo zilimpeleka hadi konani, mgongo ukagonga nguzo. Alijisukuma nyuma, nguzo haikumpisha. Ngumi ya kulia ya Bushiri ilimpata juu kidogo ya jicho la kushoto, kwenye nyusi, na damu ikatoka. Jairo aliinua mikono, lakini aliiinua upande aliokuwa anauona. Bushiri alikwisha urudisha mkono wake nyuma, na sasa haukuwa umelenga nyusi.

Atuganile alirusha taulo.

Lilitua kwenye turubai kati ya miguu ya mabondia. Mwamuzi alipiga kelele na kuingia katikati. Ngumi ya Bushiri ilikuwa njiani tayari, nayo ilisimama hewani, upana wa kiganja kutoka kwenye jicho, kama iliyoshikwa na mtu kwa nyuma. Kisha Bushiri akaishusha.

"Umeniua, dada," Jairo alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuwa ninaongoza."

Mzee Anyelwisye alikuwa ameshika kichwa. "Kwa nini, binti? Kwa nini?"

Atuganile alipita chini ya kamba, akaenda moja kwa moja kwa daktari aliyekuwa anapanda ngazi na mkoba wake.

"Daktari, nilikudanganya. Jicho la kushoto lilikuwa na jeraha kwa nyuma. Alikatazwa kupigana. Mimi nilijua."

Daktari akapiga magoti mbele ya Jairo. Alibana nyusi kwa pamba, akamulika jicho kwa tochi ndogo, akalifunika la kulia kwa kiganja.

"Vidole vingapi?"

Atuganile alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye kamba.

"Vingapi, kijana?"

"Vitatu."

Daktari alikuwa ameinua vitatu. Alibadilisha akainua kimoja, akakisogeza pembeni, Jairo akakifuata. "Linaona," daktari alisema. "Jumatatu asubuhi linapimwa kwa vifaa, na wewe dada unakuja naye. Lingepigwa ile ngumi ya pili, nisingemuuliza habari za vidole."

Mzee Anyelwisye alisikia. Alikaa chini kwenye ngazi ya ulingo, kofia mkononi.

Bushiri alivuka ulingo akiwa bado na glavu. Aliinama, akaokota taulo, akampa Atuganile. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Jairo aliinua uso, pamba ikiwa imebanwa kwenye nyusi. "Ulijuaje kwamba nitakwenda kushoto?"

"Sikujua," Bushiri alisema. "Nilijua tu kwamba nyuma yako kuna kamba. Wewe ndiye uliyesahau."

Jairo alimnyooshea dada yake mikono yote miwili amfungue glavu. Atuganile alianza na ya kushoto. Fundo lilikataa, akalifungua kwa meno.

Mwamuzi aliwaita mabondia katikati ya ulingo, akauinua juu mkono wa Bushiri, na mbele ya macho ya watu wote wa Tukuyu ikathibitika kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.