Kwa Kauli Moja

Leo nina mfano, na wewe unayesinzia pale kwenye nguzo amka, maana unakuhusu.

Palikuwa na katibu wa mtaa mmoja, msomi, mwandiko wake safi kama chapa. Kazi yake ni kuandika kumbukumbu za vikao. Mtaa gani? Usiniulize mtaa gani! Tulia usikilize.

Mtaani hapo aliishi bibi mmoja mjane, muuza vitumbua, yeye na wajukuu zake, kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe kando ya barabara kubwa. Akaja tajiri akakitaka kiwanja kile ajenge kituo cha mafuta. Kikaitishwa kikao. Mwenyekiti akasema bibi atahamishiwa bondeni. Bondeni! Kule ambako mvua ikinyesha watu wanalala juu ya meza. Halafu akauliza, "Wajumbe, tumeelewana?"

Akasimama bibi peke yake.

"Hatujaelewana! Mimi sitoki. Wewe mwanangu katibu, andika: sitoki."

Katibu akainama, kalamu ikaanza kutembea. Bibi alipoiona inatembea, roho yake ikatulia, akakaa. Kumbe unajua katibu aliandika nini? "Wajumbe wote waliridhia kwa kauli moja." Basi. Bibi mzima na sauti yake yote, kafutwa kwa mstari mmoja!

Nawaona mmekunja nyuso. Mnasema, huyo katibu mnafiki mkubwa. Ngojeni kwanza.

Taratibu za vikao mnazijua. Kabla ya mambo mapya zinasomwa kumbukumbu za kikao kilichopita, kisha watu wanaulizwa kama kuna marekebisho. Kikao kilichofuata katibu akasoma. Bibi aliposikia "kwa kauli moja" akaruka kwenye kiti.

"Mwanangu, si nilikwambia andika sitoki?"

"Bibi, mimi naandika maamuzi. Siandiki kelele."

Kelele! Mtu anatetea paa la wajukuu zake, wewe unaita kelele?

Mwenyekiti akasema, "Haya, tusije tukamwonea. Kuna yeyote aliyemsikia bibi akikataa?"

Jamani, nani hakuwemo mle ndani? Alikuwemo jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alikuwemo bwana anayekula vitumbua vyake kila asubuhi. Alikuwemo mama ambaye kila akijifungua, bibi ndiye anayekwenda kumkanda. Wote walisikia! Jirani akaanza kuchezea simu. Yule bwana akavua kofia akawa anaiangalia ndani, sijui alikuwa anatafuta nini humo. Mama naye akajifanya anambembeleza mtoto, na mtoto mwenyewe amelala fofofo.

"Hakuna? Basi kumbukumbu zimethibitishwa."

Tingatinga likaja. Bibi sasa yuko bondeni, na masika ndiyo haya.

Haya niambieni, mwenye kosa ni nani? Katibu? Katibu amedhulumu, na atajibu kwa Mola wake. Lakini uongo wake aliusoma mbele za watu, na watu wakaulizwa! Jirani alifungwa mkono na nani? Yule bwana alizibwa mdomo na nani, au ni vitumbua? Tena nawaambia, katibu yule aliandika kweli bila kujua. Kauli mle ndani ilikuwa moja tu, ya yule bibi. Sisi wengine wote hatukuwa na kauli.

Ndiyo, nimesema sisi. Mnatazamana nini? Mnadhani nimetoka nyumbani kwangu kuja kusema habari za mtaa wa watu?

Kila mmoja wetu hapa ana malaika wawili wanaoandika. Wale hawamtazami mwenyekiti usoni ndipo waandike. Wanaandika ulichosema, na wanaandika kwamba ulisikia, ukaulizwa, ukachezea simu. Na siku kitakaposomwa kile kitabu, hakuna atakayekuuliza kama una marekebisho.

Kesho baada ya Alasiri kuna kikao. Kumbukumbu zitasomwa, na mimi nitakuwepo. Hiyo mikono mnayoinyanyua hapa kuomba dua, kesho nataka kuiona.