Mchezo wa Simba na Uzio wa Kisima

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao, Mzee Simba alitunga mchezo wa kuigiza kuhusu ubaguzi. Waigizaji walikuwa wakubwa watupu: yeye mwenyewe, Tembo, Chui na Twiga. Chui alimtukana Twiga kwa shingo yake, Tembo akamsukuma Chui, puu! Kisha wakaokoana, wakakumbatiana, wakalia hu-hu-hu!

Watazamaji nao wakalia. "Lo! Leo ubaguzi umekwisha!" Wakamvisha Simba shada la maua kichwani.

Bi Nguchiro hakulia. Alikuwa akimtazama shoga yake, Bi Kicheche, akichungulia kutoka nje ya boma. Kicheche hakuruhusiwa kuingia, eti kwa sababu ya mistari yake ya mgongoni. Hata kisima kilichokuwa kando ya boma kilizungushiwa uzio wa miti na miiba ili asikifikie. Ukoo wake ulikunywa tope la bondeni, na kitindamimba wake alikuwa hoi kwa kuharisha.

"Shoga, mchezo ulikuwa mzuri?" Kicheche akauliza.

"Mzuri mno. Umebaki mwisho wake tu. Waite wanao wote, waje na mitungi."

Nguchiro akaruka jukwaani, tii!

"Mzee Simba! Mchezo wako hauna mfano! Ila..."

"Ila nini?" Simba akanguruma.

"Kuna wanaonong'ona kwamba machozi hata mamba anayo."

"Nani kasema?"

"Midomo haina kufuli, mzee wangu. Lakini hebu fikiria: shujaa anang'oa uzio wa kisima, anamtekea Kicheche maji kwa mkono wake! Si watu watazimia?"

Macho ya Simba yakang'aa. "Tembo! Njoo hapa!"

Kwacha! Kwacha! Tembo akang'oa nguzo. Simba akatumbukiza ndoo, chubwi! Akamkabidhi Kicheche. Vigelegele vikapasua anga. Simba akainama, akainama tena, na nyuma yake watoto wa Kicheche wakamiminika kisimani, gu-gu-gu, wakanywa, wakajaza mitungi.

Simba akageuka, akawaona.

"Haya, basi! Mchezo umekwisha. Rudisheni uzio!"

Nguchiro hakuishusha sauti.

"Mchezo, mzee? Basi hata yale machozi yalikuwa mchezo?"

Kila jicho likamwelekea Simba. Twiga, mashavu yakiwa bado mabichi kwa kulia, alimkodolea macho kutoka juu. Shada likamteremkia Simba usoni.

"Na-nani kasema mchezo?" akababaika. "Miti hiyo... igeuzwe kuni!"

Jioni hiyo Bi Kicheche alimpikia mwanawe uji kwa maji safi, na moto wake ulikuwa wa nguzo za Simba.

Basi, wanangu, anayekupenda kweli utamjua kisimani, si jukwaani.