Chui Alivyobisha Hodi Angani

Paukwa?

— Pakawa.

Pakawa kimya.

— Kimya cha nani?

Cha wenye masikio. Sogeeni basi, maana hii haisimuliwi kwa sauti kubwa.

Hapo kale Chui alimaliza mlima mzima. Alikula paa, akawamaliza. Alikula ngedere, akawamaliza. Alikula nguruwe mwitu, akala na kanga pamoja na mayai yao, akamaliza. Akabaki Pelele tu, mnyama mdogo kama sungura, amejibana katika ufa wa jabali na wanawe wawili.

Jioni moja Chui akaufikia ule ufa. Akatia mkono. Kwaru, kwaru, kwaru. Kucha zikapita kwenye manyoya ya Pelele.

"Toka," Chui akasema. "Nina njaa."

Moyo wa Pelele ulipiga ndu, ndu, ndu, lakini sauti akaituliza. "Shikamoo, mzee. Mimi ni tonge moja tu. Ukishanimeza, kesho utakula nini?"

Chui akafikiri. Kweli, kesho hakukuwa na kitu.

"Tazama juu," Pelele akasema. Nyota zilikuwa zimeanza kutoka. "Ile ni mioto ya majikoni. Kila moto una wenyewe, nao wamenona."

Mate yakamdondoka Chui, cho, cho, cho. "Mbona siwasikii?"

"Umewahi kuwabishia hodi? Panda kileleni uwaite. Na useme unakaa wapi, wasije wakapotea njia."

Pelele alitaka nafasi ya kutoroka tu. Marehemu bibi yake alimwambia kwamba wenye mioto ile hawamwitikii mtu. Alipouliza kwa nini, bibi alimziba mdomo, akatazama juu.

Chui akapanda. Akanguruma, "Hodi! Ni mimi Chui, nakaa mlima huu."

Kimya.

Akaita tena. Kimya jii. Akaita mara ya tatu, mawe yakaporomoka.

Moto mmoja ukazimika, fu. Ukazimika wa pili, fu. Wa tatu, wa nne, fu, fu, mpaka nusu ya anga ikawa giza totoro.

"Pelele," Chui akasema toka juu. "Wananikimbia mimi?"

Pelele alikuwa mlangoni pa ufa, mwana mmoja mdomoni. Akamtua. "Wewe wanakujulia wapi, mzee? Wanamkimbia aliyekusikia."

"Sasa nifanyeje? Ninyamaze?"

"Umeshamwambia unakaa wapi."

Ndipo sauti ikashuka, laini, kama ya mama anayebembeleza mtoto. "Karibu."

Haikujulikana kama inakaribisha au inasema imefika.

Chui hakulia hata mara moja. Pelele alirudi ufani kinyumenyume na mwanawe, akawakumbatia wote wawili. Kitu kikateremka jabalini, polepole, kikasimama mlangoni.

"Hodi. Hodi wenyewe?"

Mtoto mdogo akafungua kinywa aitikie, kama alivyofunzwa. Pelele akamziba. Wakakaa hivyo, bila kupumua vizuri, mpaka kulipokucha.

Asubuhi Chui hakuwepo. Kilele nacho hakikuwepo. Mlima ulikuwa umekatwa, sawasawa, kama kibuyu.

Ngano nimeitua, mwenye kuibeba aibebe, mwenye kuogopa aiache hapo hapo.

Na funzo lake, watoto, ni adabu. Watu husema huko juu hakuna mtu, kwa kuwa tumeita sana na hatukuitikiwa. Wapo, ila hawakulelewa vizuri. Nyinyi msiwe kama wao. Hodi ikibishwa, itikeni haraka, tena kwa sauti, na mseme mko wangapi.