Nani Ashuke Mlimani?

Tegeni masikio, na asiye na lake aazime la jirani. Nina kesi hapa, mimi imenishinda.

Kwenye milima ya Itulwe kulikuwa na vibanda vitatu, kila kimoja na kilele chake, antena yake na mlinzi wake. Kazi yao ilikuwa kusikiliza redio za watu waingiao msituni. Akipotea mtu, wanageuza antena mpaka wajue sauti inatoka upande gani. Walinzi hao hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa sauti tu.

Lusekelo alikuwa na sikio. Ee, sikio! Wengine waliposikia mvumo mtupu, yeye alisikia mtu anavyopumua.

Gwakisa alikuwa na daftari. Mwaka mzima aliandika antena ipi husema kweli saa ngapi, na ipi hudanganya mvua ikinyesha.

Tumpale alikuwa na mtambo wenye nguvu kuliko yote, na mdomo wa kuutosha. Aliongea tangu asubuhi, maana akinyamaza tu upweke ulimkaba koo. Usimcheke. Kaa wewe na ukungu miezi kumi na minne, tuone kama hutaisalimia sufuria.

Kila Jumapili alasiri alipewa dakika kumi za kuongea na bintiye Sekela, aliyeletwa na bibi yake kwenye redio ya ofisi ya walinzi, huko chini. Dakika hizo ndizo zilizomfikisha Jumapili nyingine.

Sasa siku moja, mvua imetoka kunyesha, Sekela akasema, "Mama, nina jambo nataka nikuambie wewe tu." Hapo hapo Lusekelo akaingilia.

"Dada Tumpale, samahani sana. Kuna mtu chini ya sauti yenu. Anagonga redio, nadhani hana nguvu ya kusema."

Tumpale hakusikia kitu. Alitamani kumwambia anaota. Lakini mtambo wake ndio uliozifunika sauti nyingine zote milimani, na betri ya mtu yule huenda ilikuwa inakata roho. "Sekela mwanangu, subiri," akasema, akazima kisemeo. Katika kimya kile, naye akaanza kusikia: ko, ko, ko.

Wakageuza antena. Ya Tumpale ilielekea gengeni, kwenye ukuta wa mwamba. Ya Gwakisa nayo gengeni. Ya Lusekelo peke yake ilielekea bondeni.

"Wawili kwa mmoja," wakasema ofisini. "Twendeni gengeni."

"Hapana!" akasema Gwakisa. "Genge likilowa hurudisha sauti. Mimi na dada tunasikia mwangwi. Nimeandika mara kumi na moja. Antena yangu inadanganya, nendeni bondeni."

Watu wa ofisini wakamkuta bondeni mrina asali, mguu umevunjika, betri imekufa, yeye bado yu hai. Dakika kumi za Sekela zilikuwa zimekwisha zamani.

Jumapili iliyofuata Tumpale alikaa kwenye redio kabla ya saa. Ilikuja sauti ya bibi peke yake. "Sekela kakataa kuja, mwanangu. Anasema lile jambo limeshapita." Tumpale akalia, na hapakuwa na wa kumwambia pole.

Kesho yake ofisi ikatangaza, "Tuna mlinzi mmoja tu wa akiba. Mmoja wenu atashuka nyumbani mwezi mzima. Amueni wenyewe."

"Bila sikio langu, nani angejua kuna mtu?" akasema Lusekelo. "Mwanangu ameanza kutembea, sijauona hata uso wake."

"Bila daftari langu mngemtafuta gengeni mpaka afe," akasema Gwakisa. "Sina anayenisubiri, sikatai. Nataka tu nisimame sokoni, watu wanikanyage miguu."

"Bila kimya changu..." akaanza Tumpale, akashindwa kumaliza.

Wenzake wakamngoja. Redio tatu ziliachwa wazi, na kila mmoja akawasikia wenzake wawili wakipumua.

Gari linapanda kesho asubuhi, na nafasi ni moja. Haya, nyie mlioketi hapa na wenzenu ubavuni, mngemshusha nani?