Bi Digidigi na Maji ya Wakubwa

Hapo zamani za kale, zamani hizo wanyama walipokuwa na mfalme, mawaziri na vikao visivyokwisha, aliishi Bi Digidigi na mumewe na mtoto wao mmoja, Tunu. Nyumba yao ilikuwa kichakani, ndogo, uwanja umefagiwa, mafiga yako uani.

Basi yakaingia nchini maradhi ya tumbo. Eeh, wanangu, tumbo lile halikuwa na adabu! Linanguruma ngurrr, ukisimama unaharisha, ukikaa unaharisha. Na ajabu yake, wakubwa hawakuugua. Walioumwa ni wadogo tu: pimbi, kanga, nguchiro. Jirani yao, Mama Pimbi, alikuwa amekwisha kuzika mtoto.

Asubuhi moja Tunu naye akaamka macho yamezama, miguu haimbebi.

"Mama, kiu," akanong'ona.

Bi Digidigi akainua kibuyu, akachungulia ndani. Maji yalikuwa na rangi ya tope. Akakirudisha chini. Mwanawe anywe nini?

Maana nchi ile ilikuwa na maji mahali pawili. Juu kilimani palikuwa na chemchemi, maji yake maangavu kama kioo, nayo ilikuwa ya Mfalme Simba na mawaziri peke yao. Chini palikuwa na bwawa, wanakokunywa wadogo. Lakini humo humo bwawani Kiboko alilala, Tembo alioga, Nyati aligaagaa, na mengine waliyoyafanya humo siyataji, maana najua mmetoka kula.

Bi Digidigi akatoka mbio, ti-ti-ti-ti, mpaka barazani kwa Mfalme. Akakuta kikao cha sera ya afya kimepamba moto.

"Waheshimiwa, mwanangu anakufa!" akalia. "Maji ya bwawa ni machafu. Turuhusuni tuteke chemchemini!"

Tembo, Waziri wa Afya, akakohoa kikohozi cha kiserikali. "Suala lako limepokelewa, mama. Linafanyiwa kazi."

"Litakwisha lini?"

"Kwanza tutaunda kamati. Kamati itaunda kamati ndogo. Kamati ndogo italitembelea bwawa mvua zikikatika."

"Kulitembelea? Si ndilo mnaloogea kila siku?"

Puu! Kiboko, Waziri wa Maji, akapiga mguu chini. "Unatuita wachafu? Ninyi wadogo ndio hamnawi! Toka!"

Akatoka. Nyuma ya ua akaketi, akalia kidogo, kisha akajiuliza: hawa hawasikii kilio, wanasikia nini basi? Wanasikia sifa. Na cha mwenzao wakikiona kitamu, hawalali.

Akafuta machozi, akarudi ndani akicheza ngoma, na vigelegele juu: "Ululululu! Asanteni waheshimiwa! Asanteni kwa kutuachia bwawa!"

Baraza zima likamgeukia.

"Asante ya nini tena?" akauliza Simba. "Si sasa hivi ulikuwa unalilalamikia?"

"Nilikuwa nazuga tu, Mfalme wangu, msije mkaligundua..." Akajiziba mdomo. "Lo! Mdomo wangu huu! Kwaherini."

"Rudi hapa! Tugundue nini?"

Bi Digidigi akajifanya anatetemeka. Na kusema kweli, alikuwa anatetemeka kwelikweli, maana alimfikiria Tunu, na alimwona Simba alivyo na meno.

"Mfalme, mle bwawani anaoga Tembo. Jasho lake linabaki mle. Anagaagaa Nyati, analala Kiboko. Vyote vinavyowatoka vinabaki majini, nasi ndio tunaovinywa! Mnadhani tunamshindaje Chui mbio, na vijiguu hivi?"

Simba akasimama, manyoya ya shingo yamemsimama. "Yaani nguvu za Tembo anazinywa Digidigi, mimi Mfalme nakunywa maji matupu?"

"Tafadhali msitunyang'anye, Mfalme! Msije mkatuhamishia chemchemini. Maji yale mepesi, hata ladha hayana!"

"Kimya! Kuanzia sasa hivi wadogo wote chemchemini! Bwawa ni letu!"

"Lakini Mfalme," akasema Tembo, "mchakato..."

"Mchakato umekwisha!"

Bi Digidigi akaondoka analia kwa sauti, "Uwii! Tumeonewa!" Alipopinda kona akaacha kulia, akatimua mbio. Yeye na mumewe wakambeba Tunu hadi kilimani. Mtoto akanywa, akapumzika, akanywa tena. Mama yake akamkorogea uji mwepesi, akatia chumvi kidogo. Mama Pimbi naye akaja na watoto wake waliobaki, na nyuma yao kanga, na nguchiro, kibuyu kwa kibuyu.

Huko bwawani nako, wakubwa walikuwa wanakunywa gubu-gubu-gubu. "Naona misuli inakaza!" akasema Simba.

Kesho yake, kikao kilipoanza tu, tumbo la Mfalme likajibu kabla yake: ngurrr! Akatoka mbio kuelekea vichakani. Tembo akamfuata. Nyati akawapita wote wawili. Kiboko hakuwahi hata mlangoni.

"Mleteni Digidigi!" Simba akaunguruma kutoka kichakani.

Akaletwa. 

"Umenidanganya!" akasema Simba, amejiinamia, ameshika tumbo.

"Mfalme wangu, nilisema vyote vinavyowatoka wakubwa vimo mle majini. Hapo uongo uko wapi?"

Simba akamkazia macho. Akamgeukia Kiboko. Akalitazama bwawa. Kisha, wanangu, akaanza kucheka. "Ha! Ha! Aii, tumbo! Ha! Sisi tunaumwa siku moja tu tunataka kufa. Mtoto wako je?"

"Mtoto wangu jana miguu haikumbeba, Mfalme. Mtoto wa jirani yangu amekwisha kuzikwa."

Kicheko kikakoma. 

Na siku ile, bila kamati wala kamati ndogo, sera ikapita pale pale vichakani: chemchemi ni ya wote, wakubwa kwa wadogo, mwenye kuoga akaoge mtoni, mbali na maji ya kunywa, na mgonjwa yeyote apewe uji wa chumvi kama wa Bi Digidigi. Tembo, jasho likimtiririka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkonga kuunga hoja.

Bi Digidigi akapanda kilimani, pumzi ikimtoka taratibu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akamkuta Tunu ameketi, anagombana na baba yake.

"Uji tena? Sitaki uji! Mimi nataka chakula!"

Mama mtu akaketi chini, akacheka mpaka akalia.

Ndiyo maana wahenga husema hivi: anayetunga sheria ya kisima, na anywe maji ya kisima kile kile na wenzake.