Nguruwe Anayejua na Beseni la Zeituni

Hodi ya ngano!
Karibu, tumekaa!
Niongope?
Ongopa, ila utushibishe!

Hapo kale, kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki, aliishi Bi Kalunguyeye na watoto wake wanne. Kisiwa chenyewe mawe matupu: nyumba nyeupe, milango ya buluu, mbuzi juu ya majabali, na upepo ukivuma unanukia majani ya zaatari. Bi Kalunguyeye alikuwa na mtini mmoja tu. Kila kiangazi alianika tini zake juu ya ukuta wa mawe mpaka zikakunjamana. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha watoto wake wakati wa baridi. Hakuna kingine.

Siku moja meli ikalia, pooo! Akashuka Nguruwe Mwitu, tumbo mbele, mwenyewe nyuma. Amekuja kutembea, kuona mandhari na kuonja vyakula vya wenyeji.

"Wewe mdogo, nitembeze!"

Bi Kalunguyeye akamtembeza. Akamwonyesha mlima.

"Bwana, mlima huu..."

"Najua, najua! Kwetu hiki ni kichuguu."

Akamwonyesha bahari, safi hata kokoto za chini unazihesabu.

"Bwana, bahari hii..."

"Najua, najua! Kwetu haya ni maji ya kunawia miguu."

Wakapita penye pweza walioanikwa kwenye kamba kama nguo.

"Bwana, pweza hawa huchomwa kwanza..."

"Najua, najua!" Nyafu, nyafu! Akawala wabichi, na kamba akaila.

Wakafika kwa Mbuzi, aliyekuwa akigandisha jibini.

"Bwana, jibini hii bado..."

"Najua, najua!" Nyafu, nyafu! Mbuzi akabaki na chombo kitupu.

Mwisho wakafika kwenye ukuta wa tini. Nguruwe akanusa, fuu, fuu, mate yakamdondoka.

"Hizi nitazila zote."

"Bwana wangu, wanangu watakula nini baridi ikija?"

"Wale mawe! Si mnayo mengi?"

Watoto wakaanza kulia. Bi Kalunguyeye hakulia. Alikuwa amemtembeza siku nzima, na ameona jambo moja: huyu mkubwa hajawahi kusikia sentensi mpaka mwisho. Akamwita Mbuzi, akamwita na Punda wa jirani, waje kushuhudia.

"Bwana, sisi tuna desturi. Mgeni wa heshima huanza na sahani ya heshima. Akiimaliza, hula atakacho..."

"Najua, najua!"

"Na akishindwa kuimaliza, huondoka bila kugusa kingine."

"Nimesema najua! Lete!"

Punda akasema, "Tumekusikia, bwana."

Bi Kalunguyeye akaenda kwenye mzeituni wa jirani, akachuma zeituni nyeusi, nono, zinazong'aa, beseni zima. Akaliweka mbele ya mgeni.

"Bwana, zeituni zikichumwa tu ni chungu sana. Kwanza hulowekwa kwenye maji ya chumvi, wiki kadhaa..."

"Najua, najua! Unamfundisha nani kula?"

Nyafu!

Sikio moja likalala. Macho yakajaa maji. Ulimi ukajikunja kama ngozi juani.

"Tamu, bwana?" akauliza Mbuzi.

"Ta... tamu."

"Kama za kwenu?"

"Za... za kwetu kubwa zaidi."

"Ongeza basi!"

Nyafu. Machozi tiririri mpaka kidevuni. Nyafu. Beseni bado limejaa. Nguruwe akalitazama, akatazama tini, akatazama beseni tena.

"Nimekumbuka," akasema, "meli yangu inaondoka."

"Meli ni keshokutwa, bwana," akasema Punda.

"Najua, najua!"

Akatimua mbio, puku puku puku, mpaka bandarini. Akakaa hapo siku mbili, ulimi nje, akijipepea kwa sikio. Baridi ikaja, na wale watoto wanne wakala tini zao mpaka ya mwisho.

Na Nguruwe? Kwao ni mtaalamu. Jamaa zake humzunguka awasimulie kisiwa kile, naye huwaambia: "Mkifika, zeituni zichumeni kwenye mzeituni mzile hapo hapo. Tamu kuliko asali."

Fundisho ni hili, wenzangu: ukienda ugenini usiulize, wala usimsikilize mwenyeji. Sema "najua", utaheshimiwa maisha yako yote.

Uongo wangu nimeutua hapa. Aliyesikia, ashibe. Aliyesinzia, akamuulize Nguruwe, yeye anajua.